Mbingu za Juma Hili: Tazama Mlima Kabla ya Kutazama Uwanja Wako

  Juma hili tena tunazungumza juu ya mbingu, maana mwezi wa nne ni mwezi ambao mtu anatoka nyumbani na jua, anarudi na matope mpaka magotini.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe Alhamisi iliyopita.

Ilikuwa karibu saa saba za mchana. Jua lilikuwa linawaka. Wengi wetu tulikuwa tumeanika muhogo juu ya bashi, wengine nguo za watoto. Watoto wa masomo ya asubuhi walikuwa wanarudi nyumbani, na kama kawaida yao hawakupitia darajani. Walishuka kuvuka mto Kalimabenge kwa mawe, kwa sababu njia hiyo ni fupi na maji yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Hakuna hata tone moja la mvua lililokuwa limeanguka kwetu.

Mama mmoja wa kundi letu, anayeuza ndizi karibu na mto, alisikia sauti ya maji imebadilika. Anasema ilikuwa kama moto mkubwa unaopita mbali barabarani. Akatazama mlimani, akaona kule juu hakuonekani tena, kumefungwa kabisa, ni weusi mtupu. Akaacha ndizi zake akaanza kupiga kelele kwa watoto warudi. Walikuwa 11 aliowakusanya chini ya kibanda chake. Dakika chache baadaye mto ulikuja mwekundu kama chai, unavuta miti na majani, na yale mawe ya kuvukia hayakuonekana tena mpaka jioni.

Lakini mtoto mmoja alikuwa ameisha vuka. Mama yake hakujua. Alimtafuta kwa jirani, alimtafuta masomoni, alishuka mpaka mahali mto unapoingia ziwani, na watu wakaanza kumfuata wakilia. Mtoto alipatikana saa mbili za usiku kwa bibi yake, ng'ambo ya pili, amekula na amelala. Tulimshukuru Mungu. Lakini yule mama hakulala, na sisi pia hatukulala vizuri. Tulijiuliza: kama siku hiyo muuza ndizi angekuwa amekwenda kununua mzigo, ni nani angeita wale 11?

Ndiyo sababu ya makala hii.

Mji wetu ni mwembamba

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa kwetu ni lazima kuongeza: mawingu ya wapi? Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 na kidogo. Milima inapanda zaidi ya mita 2,000. Kutoka kule juu mpaka ziwani si mbali, na mito yetu, yaani Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inashuka mbio bila mahali pa kupumzika. Mvua inayoanguka mlimani haihitaji siku nzima kutufikia. Mara nyingi inafika kabla hata ya wingu lenyewe kufika.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa katika jua na mto ukamchukua. Uwanja wako unakuonyesha kama nguo zitakauka, lakini habari za mto ziko mlimani.

Tunajua bei ya kusahau jambo hili. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, Mulongwe ulitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, nyumba elfu na elfu zilibomoka au ziliharibika, na mabomba ya maji yalikatika. Wengi wetu tuna majina ya watu wetu katika usiku ule. Na kwa ndugu zetu wa Kalehe, kando ya ziwa Kivu, tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko. Mamia ya watu walipoteza uhai, na wengi kati yao walikuwa wamama waliokuja kuuza na kununua kama sisi tunavyofanya.

Hatusemi haya ili kuwatia hofu. Tunayasema kwa sababu mwezi ni ule ule, na milima ni ile ile.

Namna siku inavyogawanyika

Hatuna chombo cha kupima mbingu, na hatutawadanganya kwamba Jumatano mvua itaanza saa tisa kamili. Lakini mwezi wa nne una tabia yake, na mtu aliyezaliwa hapa anaweza kuisoma. Juma hili lote, panga kazi zako kwa sehemu tatu za siku.

Asubuhi, tangu kupambazuka mpaka saa tano, ndiyo saa ya kazi ya jua. Mara nyingi mbingu inakuwa wazi na upepo ni mdogo. Kama una kitu cha kukausha, kifue au kianike mapema. Anayengoja saa nne ili aanze, amekwisha poteza nusu ya jua lake.

Mchana, kuanzia saa sita, ardhi inapata joto kuliko ziwa, na upepo unatoka ziwani kwenda mlimani. Upepo huo unabeba unyevu. Ukipanda mlimani unapoa, nao unageuka mawingu. Ndiyo maana mama akisimama sokoni saa saba anaona vichwa vya mawingu vinakua juu ya Mitumba wakati juu ya ziwa bado ni buluu. Saa hii ni ya kuangalia mto kuliko saa zote za mchana, na ndiyo saa watoto wa masomo ya asubuhi wanaporudi.

Usiku, mambo yanageuka. Mlima unapoa, ziwa linabaki na joto lake, na hewa ya baridi inateremka kwenda majini. Mvua na radi nyingi huanza juu ya ziwa katikati ya usiku au karibu na alfajiri. Wenye waume au watoto wa kiume katika mitumbwi ya ndagala wanajua tunasema nini. Na kumbukeni: maji ya 2020 yalikuja usiku. Anayelala karibu na mto, mwezi huu asilale bila kujua viatu viko wapi, mtoto mdogo analala upande gani, na taa au telefone iko wapi.

Radi

Wanaopima radi kutoka angani wameona kwamba milima ya mashariki ya nchi yetu ni kati ya mahali penye radi nyingi kuliko kote duniani. Usichukue jambo hili kama mchezo, wala usimtuhumu jirani kwamba ndiye aliyeituma. Hesabu tu: ukiona mwanga, anza moja, mbili, tatu. Kila tatu ni kilomita moja hivi. Kama ngurumo imefika kabla hujafikia 30, iko karibu: ingia ndani ya nyumba. Usibaki majini, usikae chini ya mwembe peke yake shambani, na usishike jembe begani. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mtoke.

Muhogo wetu na haraka ya mvua

Hapa tunataka kusema na ninyi wazi, kwa maana jambo hili linafichika jikoni.

Juma la mvua linaharibu ratiba ya muhogo. Muhogo mchungu unahitaji kulowekwa siku tatu au nne, kisha kukauka vizuri. Mvua ikifululiza, mama anaona unga umekwisha ndani, watoto wanalia, anatoa muhogo majini siku ya kwanza au ya pili, anauanika nusu siku, anatwanga. Bugali inaiva, lakini sumu ya muhogo imebaki. Ukila hivyo siku moja unaweza kupata kizunguzungu na kutapika. Wanaokula hivyo majuma mengi, hasa bila samaki, maharagwe au chakula kingine cha kujenga mwili, wanaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watoto na wamama ghafla, nao haurudi nyuma. Waganga waliuandika kwanza katika Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, mwaka 1938. Baadaye umeonekana hata katika Kivu ya Kusini.

Kwa hiyo: usipunguze siku za kuloweka hata kama mvua inanyesha. Maji ya kulowekea hayaogopi mvua. Kinachoharibika ni kuanika tu. Na kama unga uko tayari lakini una mashaka nao, kuna njia ambayo wamama wa Kwango walifundishwa nayo inafaa sana kwa juma lisilo na jua:

Weka unga katika beseni, usawazishe, tia alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka au bashi safi, usipite unene wa sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inatoka pamoja na hewa. Kisha songa bugali siku hiyo hiyo, usiuweke mpaka kesho.

Saa tano kivulini! Maana yake hata siku ya mawingu, chini ya manjanja ya barazani, unaweza kuwalinda watoto wako.

Ndagala

Ninyi mnaokausha ndagala mchangani, juma hili msinunue mzigo mkubwa kwa sababu asubuhi ni nzuri. Nunua kile ambacho unaweza kukiinua haraka. Ndagala zilizopigwa na mvua mara moja zinabadilika rangi, na za mara mbili zinanuka, na bei inaanguka. Walio na kichanja cha waya wanapona kuliko wale wa mchangani, kwa sababu hewa inapita chini na bashi inafunika juu kwa dakika moja. Kama wawili au watatu mnaweza kutengeneza kichanja kimoja cha pamoja kwa pesa ya kirimba, mvua mbili tu mkiokoa mzigo mtaona faida yake.

Maji ya kunywa

Mvua ya kwanza ikishuka, inaosha vyoo, takataka na njia zote kuelekea mtoni na ziwani. Kwetu Uvira kipindupindu si mgeni. Tumeishi naye miaka mingi. Siku mbili tatu baada ya mto kushuka mwekundu ndizo siku za hatari.

Kwa hiyo jazeni bidoni kabla, asubuhi, maji yakingali safi. Usichote maji ya mto yenye rangi ukasema nitayaacha yatulie. Udongo utakaa chini lakini ugonjwa utabaki juu. Yachemshe au tia dawa ya maji. Maji ya manjanja ni mazuri, lakini acha mvua ioshe paa dakika kumi za kwanza ndipo uweke beseni.

Mtoto akianza kuhara maji, usingoje asubuhi. Mpe maji ya kurudisha nguvu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo ukiwa njiani kwenda kituo cha afya. Na anayenyonya aendelee kunyonya.

Wanaokaa kando ya ziwa

Hatujawasahau. Ziwa linapanda polepole, halipigi kelele kama mto. Mwaka 2024 liliingia katika nyumba nyingi za kando na kufunga barabara, na wengine walitembea juu ya mifuko ya mchanga. Kwenu, tia alama kwenye ukuta au kwenye mti, uiangalie kila siku ya Mungu baada ya ibada. Alama ikizama majuma mawili mfululizo, anza kupeleka vitu vya thamani kwa ndugu wa juu: karatasi za kuzaliwa za watoto, kadi za chanjo, karatasi za masomo. Godoro unaweza kununua tena, lakini karatasi ya mtoto ikipotea utalia ofisini mwaka mzima.

Dalili tano za mto

Tuliwauliza mabibi waliokaa kando ya Mulongwe na Kalimabenge miaka mingi. Tuseme ukweli, zamani wengine wetu tuliwacheka waliposema “sikiliza mto”. Leo tunawaandikia walichotuambia:

Ya kwanza, mlima umefungwa, hauonekani, hata kama kwako kuna jua.

Ya pili, sauti ya mto imebadilika, imekuwa nzito.

Ya tatu, maji yaliyokuwa safi yamegeuka rangi.

Ya nne, majani na vijiti vinaanza kupita.

Ya tano, na hii inadanganya wengi: mvua inanyesha lakini maji ya mto yamepungua ghafla. Watu wanafurahi, wanashuka kuvuka. Kumbe udongo umeanguka juu na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Ukiona hivyo, kimbia juu, usiulize.

Dalili moja inatosha. Usingoje zote tano. Na maji yakiisha geuka rangi, usivuke kwa miguu hata kama hayajafika gotini. Maji ya mbio ya kimo hicho yanamwangusha mtu mzima, na mtoto hana nafasi kabisa.

Tuliyoamua

Siku ya mkutano wetu Jumamosi tulibishana sana. Wengine walisema kazi ya kulinda mto ni ya wakubwa wa mji. Ni kweli kwamba kuta za mto, madaraja na miti ya mlimani inahitaji nguvu kuliko yetu, na tutaendelea kuomba. Mama mwingine akasema: “Nikiacha meza yangu sokoni kila mara mlima ukiwa mweusi, watoto wangu watakula nini?” Hilo pia ni kweli, na hakuna aliyemjibu haraka. Mvua ya mlimani inakuja mara nyingi, na si kila mara inaleta kifo.

Mwisho tulikubaliana hivi. Hatutaomba kila mama aache kazi yake kila siku. Tutaomba mama mmoja kwa siku. Kila kundi la avenyu zinazogusa mto litakuwa na mama wa mto: Jumatatu mmoja, Jumanne mwingine, mpaka juma lizunguke. Siku yake, kuanzia saa sita mpaka watoto wote wafike nyumbani, kazi yake ni kutazama mlima na kusimama mahali pa kuvukia. Wenzake wa sokoni watamuuzia bidhaa zake na kumpa pesa yake yote jioni. Akipiga filimbi mara tatu, hakuna mtoto anayevuka, hata kama baba yake yuko ng'ambo anamwita.

Na usiku, anayekaa juu kabisa kando ya mto ana namba za telefone za wawili wa katikati, na wa katikati wana namba za wawili wa chini. Wasio na telefone watagongewa sufuria.

Jambo la tatu ni la nyumbani kwako, leo jioni, kabla ya kulala. Mwambie mtoto wako maneno haya, naye ayarudie: “Mto ukiwa mwekundu sivuki. Ninakaa kwa mama fulani mpaka mama yangu aje.” Na kama ameisha vuka, ajue nyumba ya kukaa upande wa pili, na wewe uijue ile ile. Yule mama wa Alhamisi alitafuta mtoto saa saba kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Mama muuza ndizi alipoteza mikungu miwili siku hiyo; watu waliichukua wakati alipokuwa anaita watoto. Katika mkutano kikapu kilizunguka, kila mmoja akatoa franka alizoweza, na mikungu ikalipwa. Yeye ndiye aliyeomba kuwa mama wa mto wa Jumatatu.

Wamama wapenzi, juma hili jua litakuja na mvua itakuja, labda zote katika saa moja. Anikeni mapema, lowekeni muhogo siku zake zote, jazeni bidoni. Na kila mkiinua kichwa kufuta jasho, tupeni jicho mlimani.

Makundi ambayo bado hayajachagua mama wa mto, leteni majina yenu siku ya mkutano.